Dolomiti, Alpi za Ufaransa au Pirenei: uchague safari ipi ya pikipiki milimani Ulaya?

Wengi huchagua safari hii kwa picha. Wanaziona kona 48 za barabara ya Stelvio, Italia, zimepandana kwenye ukuta wa mlima, wanakata tiketi, kisha wanafika katikati ya Mei na kukuta geti limefungwa kwa sababu theluji haijaondolewa. Urefu wa mlima na idadi ya kona visikupe haraka. Mambo matatu ndiyo yanayoamua: una siku ngapi, unakwenda mwezi gani, na pikipiki utaichukulia mji gani. Ukishayajibu hayo, kuchagua kati ya Dolomiti za Italia, Alpi za Ufaransa na Pirenei, milima ya mpakani mwa Ufaransa na Hispania, hakuumizi kichwa tena.

Tukisema mpito, tunamaanisha mahali barabara inapovuka mgongo wa mlima kutoka bonde moja kwenda jingine. Kona ya mgeuko ni ile inayokugeuza kabisa ukatazama ulikotoka. Aliyepanda mlima Kitonga, Tanzania, akiwa nyuma ya lori lenye mzigo ameionja hali hiyo kidogo. Huku ziko kumi, ishirini, thelathini mfululizo.

| | Dolomiti na jirani zake | Alpi za Ufaransa | Pirenei |
|---|---|---|---|
| Siku zinazotosha | 5 hadi 7 | 7 hadi 9, pamoja na kurudi | 8 hadi 10 |
| Mtindo | Kulala mahali pamoja, kuzunguka kila siku | Mstari kutoka kaskazini hadi kusini | Bahari hadi bahari, kwenda Ufaransa na kurudi Hispania |
| Miezi mizuri | Katikati ya Juni hadi mwisho wa Septemba | Mwisho wa Juni hadi mwisho wa Septemba | Juni hadi mwanzo wa Oktoba |
| Barabara ya juu zaidi | Stelvio, mita 2,757 | Bonette, mita 2,802 | Envalira, mita 2,408 |
| Mji wa kuchukulia pikipiki | Munich, Verona, Venice | Geneva, Nice | Toulouse, Barcelona, Bilbao |
| Kero kubwa | Msongamano | Baridi, na sheli zilizo mbalimbali | Ukungu na mifugo barabarani |

Dolomiti: kwa mwenye wiki moja

Faida kubwa ya Dolomiti ni kwamba hufungi mizigo kila asubuhi. Unalala Corvara, Arabba au Canazei siku zote, unaacha mabegi chumbani, na pikipiki inakuwa nyepesi. Mzunguko wa mlima Sella una kama kilomita 55 tu lakini una mipito minne: Gardena, Sella, Pordoi (mita 2,239) na Campolongo (mita 1,875). Kutoka Arabba kupanda Pordoi kuna kona 33 za mgeuko, zote zina namba, na lami yake ni nzuri. Kwa mtu anayejifunza kupanda milima mikubwa hatuoni darasa bora kuliko hili: ukiikosea kona ya tano, ya sita inakupa nafasi ya kurekebisha, na ukichoka hoteli iko nusu saa tu.

Siku ya pili nenda Falzarego na Giau (mita 2,236) kupitia Cortina d'Ampezzo. Giau ina kona nyembamba kuliko Pordoi, na ukiupanda kutoka upande wa Selva di Cadore mabasi makubwa ni machache.

Stelvio wengi huupanga vibaya. Hauko Dolomiti; kutoka Corvara hadi Prato, unakoanzia mpando wenye kona 48, ni karibu kilomita 150, nyingi zikiwa za bondeni kupitia Bolzano na Merano. Ukitaka kwenda na kurudi siku moja utafika juu saa sita mchana, wakati baiskeli, magari ya kambi na pikipiki za kila namna zimejaa. Lala Prato usiku mmoja na uanze kupanda kabla ya saa mbili asubuhi. Barabara hii ilijengwa kati ya 1820 na 1825, chini ya mhandisi Carlo Donegani, na kona zake zina upana wa karne hiyo. Gari refu likigeuka linachukua barabara nzima, kwa hiyo inua macho uangalie kona mbili za juu yako kabla ya kuingia ya kwanza. Ukifika kileleni usirudi ulikotoka. Shuka upande wa Bormio kilomita chache, kata kulia Umbrail (mita 2,501), shukia Santa Maria nchini Uswisi, kisha urudi Prato. Kabla ya saa tano umemaliza mzunguko ambao wengine ndio wanauanza.

Grossglockner ya Austria ni nyongeza nzuri ikiwa una siku mbili za ziada. Ilifunguliwa 1935, ina kilomita 48 na kona kubwa 36, na hulipiwa: pikipiki zaidi ya euro 30 kwa siku. Fedha hiyo inaonekana kwenye lami, ambayo ni pana na safi. Mchepuko wa kwenda Edelweißspitze (mita 2,571) ni wa mawe, na mawe hayo yakilowa yanateleza kama sabuni. Mvua ikiwa imenyesha, uruke.

Kasoro ya Dolomiti ni watu. Julai na Agosti, hasa siku zinazozunguka 15 Agosti, Italia nzima iko likizo na mzunguko wa Sella unageuka foleni. Zaidi ya hapo, kuna siku ambazo barabara hufungwa kwa ajili ya baiskeli: Jumapili moja mwanzo wa Julai kwa mashindano ya Maratona, na siku nyingine za Juni na Septemba kwenye Sella na Stelvio. Tarehe hutangazwa miezi mingi kabla. Ziangalie kabla ya kulipia hoteli.

Jambo moja dogo linalopoteza watu: mahali pengi hapa pana majina mawili au matatu. Passo Gardena ndio Grödner Joch, Stelvio ndio Stilfser Joch, Prato ndio Prad. Andika yote kwenye ramani yako.

Alpi za Ufaransa: kwa anayependa njia ndefu

Hapa kuna njia moja yenye jina, Route des Grandes Alpes, kama kilomita 720 kutoka Thonon-les-Bains kando ya ziwa la Geneva hadi bahari ya Mediterania. Kwenye simu utaambiwa ni mwendo wa siku mbili. Usiamini. Milimani wastani halisi, pamoja na kusimama, ni kilomita 40 hadi 50 kwa saa, kwa hiyo siku nzuri ni kilomita 150 hadi 200. Tunashauri siku tano:

1. Thonon hadi Beaufort, kupitia Colombière na Aravis. Mipito ya chini, ya kuzoea pikipiki.
2. Beaufort hadi Lanslebourg, kupitia Cormet de Roselend na Iseran (mita 2,764). Iseran, uliofunguliwa 1937, ndio mpito wa lami wa juu kuliko yote katika Alpi.
3. Lanslebourg hadi Briançon, kupitia Télégraphe, Galibier (mita 2,642) na Lautaret.
4. Briançon hadi Barcelonnette, kupitia Izoard na Vars. Karibu na kilele cha Izoard kuna Casse Déserte, miamba iliyochongoka katikati ya kokoto tupu, simama, panastahili.
5. Barcelonnette hadi baharini, kupitia Bonette au Cayolle.

Toka kaskazini kwenda kusini. Hali ya hewa kwa kawaida inakuwa njema kadiri unavyoshuka, na mwisho wake ni bahari. Kuhusu Bonette, kibao cha pale kinadai ndiyo barabara ya juu zaidi Ulaya. Sivyo: barabara ya Veleta kule Sierra Nevada na ile ya barafuto (mto wa barafu) la Ötztal huko Austria ziko juu zaidi. Mita 2,802 ni kitanzi kinachozunguka kilele tu. Mpito wenyewe uko mita 2,715, chini ya Iseran. Hilo halipunguzi uzuri wa njia, ila usiache Cayolle, mpito wa kimya na wenye miti, kwa sababu ya kibao.

Tatizo la mstari ni kwamba hauishii ulikoanzia. Ukikodi pikipiki Geneva na kuiacha Nice, kampuni nyingi hukataa au hutoza ada kubwa ya kuirudisha. Suluhisho ni kurudi kwa Route Napoléon, barabara ya zamani ya N85 kutoka pwani hadi Grenoble, kama kilomita 325. Ina kona pana za kasi na lami nzuri, pumziko halisi baada ya siku tano za gia ya pili. Ndiyo maana tumeandika siku saba hadi tisa.

Sheli. Vijiji vya juu vingi havina, na zilizopo mara nyingi ni za kadi tu, hazina mhudumu, hasa jioni na Jumapili. Kuna mashine zinazokataa kadi za nje ya Ulaya. Beba kadi mbili za benki tofauti na ujaze tangi likifika nusu: Bourg-Saint-Maurice kabla ya Iseran, Briançon kabla ya Izoard, Barcelonnette kabla ya Bonette. Angalia pia saa za kula. Jiko la mgahawa wa kijijini hufungwa saa nane mchana, na anayefika saa nane na robo hupewa kahawa.

Hatari ya pekee ya Ufaransa iko kwenye lami. Kiangazi mafundi hukarabati kwa kumwaga lami nyembamba na kuitandazia kokoto ndogo, wakiacha magari yazishindilie. Ukiona kibao cha "gravillons", shuka hadi kilomita 30 kwa saa, simamisha pikipiki wima kadiri uwezavyo na usiguse breki ya mbele ndani ya kona. Joto likizidi, viraka vyeusi vilivyozibia nyufa hulainika na tairi huteleza juu yake kidogo. Shika usukani kwa ulegevu, itajishika yenyewe.

Pirenei: kwa asiyependa umati

Ukituuliza milima ambayo haithaminiwi inavyostahili, tutakutajia Pirenei. Mipito ni ya chini zaidi, kwa hiyo mingi hufunguka mapema, na watu ni wachache hata Julai. Mpango bora ni duara: unakwenda mashariki upande wa Ufaransa na kurudi magharibi upande wa Hispania.

Pande hizi mbili hazifanani hata kidogo. Ufaransa ni kijani, nyembamba na yenye unyevu: Aubisque (mita 1,709), Tourmalet (mita 2,115, ambako mashindano ya baiskeli ya Tour de France yamepita tangu 1910), Aspin, Peyresourde. Kati ya Aubisque na Soulor barabara imechongwa ubavuni mwa jabali. Mahali pengine hakuna ukingo, na kuna handaki lisilo na taa ambamo ng'ombe hukimbilia kivuli. Inua kioo cha kofia kama ni cheusi kabla ya kuingia, na piga honi. Hispania ni kavu, nyekundu na pana. Barabara ya N-260 inafuata Pirenei kwa kama kilomita 500, na sehemu yake kati ya Ripoll na Puigcerdà, juu ya Collada de Toses, ina kona mfululizo zenye lami inayoshika hivi kwamba wengi huirudia mara mbili. Aínsa ni mji mzuri wa kulala katikati ya safari.

Ukungu ndio adui wa hapa. Hewa yenye unyevu kutoka Atlantiki hupanda upande wa Ufaransa na kugeuka wingu zito, huku upande wa pili kukiwa na jua. Kwa hiyo usipange siku zote kwa ugumu. Asubuhi ukiona Tourmalet imefunikwa, vuka kwenda Hispania kupitia Pourtalet (mita 1,794) au handaki la Bielsa, lenye kilomita tatu, na mara nyingi utatokea kwenye jua. Ujanja huo haupo Alpi, ambako mvua ikikukuta inakukuta na mabonde matano.

Adui wa pili ni mifugo. Ng'ombe, farasi na kondoo hulala juu ya lami kwa sababu ina joto. Dalili ya kwanza ni kinyesi barabarani: ukikiona, kona inayofuata ichukulie kama ina ng'ombe.

Andorra inahitaji angalizo lake. Mafuta ni nafuu kuliko nchi zinazoizunguka, lakini nchi hii haimo katika Umoja wa Ulaya wala katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye viza ya kuingia mara moja anahesabiwa kuwa ametoka, kwa hiyo apite nje ya Andorra au aombe viza ya kuingia mara nyingi. Vilevile vifurushi vya simu vya Umoja wa Ulaya kwa kawaida havifanyi kazi humo. Zima data kabla ya mpaka, maana ramani ikifunguka yenyewe inakula fedha nyingi kwa dakika chache. Uswisi nayo, ingawa imo katika Schengen, mara nyingi haimo katika vifurushi hivyo.

Kwa Waswahili wanaoishi Uingereza na wenye pikipiki zao, Pirenei ndiyo rahisi kuliko zote. Feri kutoka Portsmouth au Plymouth hukushusha Santander au Bilbao, ukiwa umelala na tairi lako halijalika. Kwenda Alpi kwa barabara kutoka Calais ni siku mbili za barabara kuu iliyonyooka, kwenda, na mbili tena kurudi.

Baadhi ya watu watakuuliza mbona si Romania. Transfăgărășan, iliyojengwa kati ya 1970 na 1974 na kufikia mita 2,042, ni barabara ya ajabu, na Transalpina iko juu zaidi, mita 2,145. Kwa kawaida Transfăgărășan hufunguliwa Julai hadi Oktoba tu. Tunaiweka safari ya pili au ya tatu: ni mbali, na dubu husimama kando ya barabara karibu na bwawa la Vidraru. Usisimame kuwapiga picha ukiwa juu ya pikipiki, wala usiwape chakula.

Pikipiki ipi

Aliyezoea Boxer au TVS ya kilo 120 hivi asidanganywe na picha za BMW R 1250 GS. Ni pikipiki bora sana kwa safari ndefu, lakini ina kilo 249 kabla ya mizigo, na kiti chake kiko milimita 850 kutoka ardhini. Ajali nyingi kwenye kona za mgeuko hazitokani na kasi. Mtu anaingia polepole mno, anashika klachi yote, injini inakufa, pikipiki inaegemea upande wa mteremko, mguu unatafuta ardhi na hauikuti. Kwa safari ya kwanza chukua Honda NC750X (kama kilo 215, kiti karibu milimita 800) au Yamaha Tracer 7 (kama kilo 200). Nguvu zake zinatosha mlima wowote uliotajwa hapa, hata ukiwa na abiria.

Kukodi pikipiki kubwa kwa kawaida ni euro 100 hadi 170 kwa siku. Soma mistari minne ya mkataba kabla ya nyingine zote: kikomo cha kilomita kwa siku (mara nyingi 300), kiasi utakacholipa mwenyewe ikiharibika kabla bima haijaanza kulipa, nchi unazoruhusiwa kuingia, na umri na miaka ya leseni inayotakiwa. Dhamana hushikiliwa kwenye kadi ya mkopo yenye jina la mpandaji. Kadi ya kawaida ya benki hukataliwa mara nyingi, na huwezi kulitatua hilo ukiwa kaunta.

Safari ya kikundi yenye kiongozi hugharimu zaidi, lakini mtu mwingine anabeba mzigo wa hoteli, njia na pikipiki inayoharibika. Kwa Alpi za Ufaransa, ambako kila usiku ni hoteli mpya, ina thamani. Kwa Dolomiti tunaona ni kupoteza fedha. Ukishalala Corvara, vibao vinakutosha.

Ukiwa na pikipiki yako mwenyewe, mambo mawili usiyasahau kabla ya kuondoka. Oili ya breki ikiwa imepita miaka miwili, badilisha: huvuta maji kutoka hewani, maji hayo huchemka kwenye mteremko mrefu, yanatoa viputo, na mkono wa breki unazama hadi mwisho bila pikipiki kusimama. La pili ni tairi. Mwendo wa milimani hula tairi la nyuma haraka. Likiwa limebakiza milimita 3 usitarajie limalize safari ya kilomita 3,000. Upepo upime asubuhi tairi likiwa baridi, na uongeze kwa kipimo cha kitabu ukibeba abiria na mizigo.

Kupanda na kushuka

Ulaya bara wanaendesha kulia. Mpandaji wa Goma, Kigali au Bujumbura hana la kujifunza hapo, lakini wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, na wa London, ajihadhari na nyakati tatu: anapotoka sheli asubuhi, anapotoka kupiga picha, na anapomaliza kona ya mgeuko. Hapo ndipo mwili hurudi kushoto wenyewe. Bandika mshale mdogo wa kulia juu ya tangi.

Kuendesha kulia kunabadilisha pia ugumu wa kona. Kona ya mgeuko ya kulia ndiyo finyu, kwa sababu uko upande wa ndani, na ukiwa unapanda ndiyo ngumu kuliko zote. Ingia ukiwa nje ya njia yako, karibu na mstari wa katikati lakini usiuvuke. Weka gia ya kwanza au ya pili kabla ya kona, si ndani yake. Geuza kichwa chote utazame unakotokea. Ukitazama gurudumu la mbele utaanguka. Acha mafuta yavute kidogo muda wote, gusa breki ya nyuma kwa wepesi kama kasi imezidi, na usikate klachi kabisa.

Kushuka, tumia gia ileile ambayo ungeipandia. Injini ndiyo ishike mwendo. Breki ni za kumalizia. Breki zikianza kunuka au mkono ukilegea, simama dakika kumi na tano, usizimwagie maji.

Kwenye barabara nyembamba anayepanda kwa kawaida hupewa njia. Uswisi, kwenye barabara zenye kibao cha buluu chenye tarumbeta ya njano, basi la posta lina haki ya kupita na maelekezo ya dereva wake hufuatwa.

Halafu baridi. Stelvio iko karibu sawa kwa urefu na Timboroa ya Kenya, lakini Timboroa iko mstari wa ikweta. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua digrii 6 hivi. Kutoka Prato, lenye mita 900 hivi, ukiondoka na digrii 26 utafika juu na 14 au 15, na upepo wa mwendo unafanya mwili uhisi chini zaidi. Septemba alfajiri kuna barafu kwenye kona zenye kivuli. Vaa tabaka: fulana isiyo ya pamba, sweta jembamba, jaketi la pikipiki, na koti la mvua ambalo utalitoa bila kufungua mizigo yote. Glavu jozi mbili. Radi za kiangazi huja alasiri, kwa hiyo mpito wa juu wa siku hiyo uvuke kabla ya saa nane mchana.

Karatasi na sheria

Leseni yako lazima ionyeshe daraja la pikipiki. Ya gari peke yake haifai. Anayetoka Afrika Mashariki aongeze kibali cha kimataifa cha udereva, nacho kiwe na muhuri kwenye daraja hilohilo. Viza ya Schengen hutaka bima ya safari isiyopungua euro 30,000, lakini bima nyingi za namna hiyo hazigusi pikipiki zenye injini ya zaidi ya cc 125. Iulize kampuni kwa maandishi, na uulize pia kama helikopta ya uokoaji inalipiwa. Uswisi bili hiyo huja kwako. Namba ya dharura kote ni 112.

Ufaransa, glavu zenye alama ya CE ni lazima tangu Novemba 2016, kwa abiria pia, na fulana ya kung'aa iwe karibu nawe. Nje ya miji kikomo cha kawaida ni 80. Austria na Uswisi hutaka stika ya barabara kuu hata kwa pikipiki, na Austria huuliza sanduku la huduma ya kwanza. Katika wilaya ya Reutte, Tirol, ambayo wengi huikatiza wakitoka Ujerumani, pikipiki zilizosajiliwa na kelele zaidi ya desibeli 95 haziruhusiwi kwenye njia kadhaa katika miezi ya joto. Namba hiyo iko kwenye kadi ya usajili, mstari wa U.1. Faini za spidi za Uswisi ni kali kuliko za majirani wote, na vifaa au programu za kuonya kuhusu kamera vimekatazwa huko na Ufaransa pia.

Kuhusu chakula, kwa Mwislamu: vyakula vingi vya mlimani vina nyama ya nguruwe hata pale jina halisemi. Matonge ya mkate ya Dolomiti, canederli, mara nyingi huwa na speck, nyama ya nguruwe. Omba ya mchicha au ya jibini, na uhakikishe. Tartiflette ya Ufaransa huwekwa vipande vya nguruwe katikati ya viazi. Jibini ya fondue huyeyushwa kwa mvinyo.

Siku ya kurudisha pikipiki ya kukodi fika saa mbili kabla ya kufunga ofisi, ukiwa umejaza tangi katika sheli ya karibu na kutunza risiti. Ipige picha pande zote nne, rimu na chini ya injini, mwangaza ukiwepo, mfanyakazi akiwa pembeni, na usiondoke bila karatasi iliyosainiwa kuwa imepokelewa salama. Dhamana huachiwa baada ya siku kadhaa, na bila karatasi hiyo mkwaruzo wa mpandaji anayefuata unaweza kuwa wako.